Miungu ya Karakana Moja

Mwaka 2025 swali la zamani la mashabiki wa hadithi za kisayansi lilipata jibu, tena kwa njia ya mzaha. Katika msimu wa tatu wa Star Trek: Strange New Worlds anatokea kiumbe mtundu, anayeigizwa na Rhys Darby, ambaye anapindua uhalisia wa watu wote chomboni kwa sababu tu anataka kuandaa harusi. Mambo yanapoharibika anakuja baba yake kumkemea, na sauti ya huyo baba ni ya John de Lancie. Basi. Waliokulia na tamthilia hizi hawakuhitaji kuambiwa zaidi. De Lancie ndiye aliyemwigiza Q, yule mwenye enzi na kejeli aliyeanza kuwasumbua wanadamu wa Star Trek: The Next Generation mwaka 1987. Na mtoto mtundu ni Trelane, bwana wa sayari ya Gothos, aliyeonekana mara moja tu mwezi Januari 1967 kisha akaachwa. Mwandishi Peter David alikwisha kuwaunganisha wawili hawa mwaka 1994 katika riwaya yake Q-Squared, ila washika daftari la nasaba hawaikubali riwaya kama ushahidi. Wanachokubali ni televisheni. Sasa ni ukoo mmoja.

Nilicheka, na nakiri mzaha ule ulitengenezwa vizuri. Lakini mkono ukishaanza kuunganisha hauachi. Kama Trelane ni wa ukoo wa Q, kwa nini wasiwe pia Wametroni waliomlazimisha Kapteni Kirk kupigana na mjusi? Kwa nini wasiwe pia wazee wa Organia, na Wathasia wasio na miili, na Manabii wa Bajor wanaoishi ndani ya tundu la anga nje ya wakati? Ukifika hapo unatoka nje ya Star Trek kabisa na kuwachukua waliopanda jiwe jeusi mwezini katika filamu ya 2001, hata bahari ya Solaris, uwapeleke wote kwa babu mmoja aliyeishi kabla ya nyota.

Mimi naamini wana asili moja. Tofauti yangu na wenye daftari ni kwamba asili hiyo naiona hapa hapa duniani, katika kazi ya watu wachache waliokuwa na taipureta, bajeti ndogo na tarehe ya kukabidhi muswada. Na nadhani ufundi wao unastahili sifa kuliko ukoo wowote wa mbinguni tunaoweza kuwabunia wahusika wao.

Tazama ushahidi ulio mezani. Katika sehemu ile ya 1967, iitwayo The Squire of Gothos na kuandikwa na Paul Schneider, Trelane anavaa joho na wigi la hakimu, anampandisha Kirk kizimbani na kumhukumu kunyongwa. Miaka 20 baadaye Q naye anavaa joho la hakimu, anaketi juu ya kiti kinachoelea, na kumshtaki Kapteni Picard kwa makosa ya wanadamu wote. Shabiki anasema: unaona, ni ndugu. Mtu wa kazi atauliza kwanza nani aliandika. Encounter at Farpoint, sehemu ya kwanza ya Q, iliandikwa na D. C. Fontana, na Gene Roddenberry akaingiza ndani yake kisa cha Q. Watu hao hao wawili, Septemba 1966, walikuwa wametoa Charlie X: kisa cha Roddenberry, muswada wa Fontana. Humo kijana aliyelelewa na Wathasia ana nguvu za kufuta watu na hana adabu ya kuzitumia. Anamkatiza sauti Uhura katikati ya wimbo, yule ofisa wa mawasiliano ambaye jina lake lilichotwa katika Kiswahili chetu, na mwishoni walezi wake wanakuja kumchukua huku akilia asirudishwe. Miezi minne baadaye Trelane naye anachukuliwa na wazazi wake huku akilalamika kwamba mchezo haujaisha. Mifupa ni ile ile: mtoto aliyepewa nguvu kabla ya adabu, na wakubwa wanaofika dakika za mwisho.

Mahakama nayo ina sababu zake. Ni jukwaa la bei nafuu: kiti, kizimba, watu wa kuzomea. Na ndani yake mtu mmoja anaweza kulazimika kuusemea ulimwengu mzima. Shaaban Robert alilijua hilo vizuri alipomsimamisha Karama mbele ya mfalme katika Kusadikika, nchi iliyo angani, na kumfanya ajitetee kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Hakuna ukoo kati ya Kusadikika na Gothos. Kuna tatizo moja la kisanii lililowafika watu wasiojuana, na wote wakalitatua kwa hakimu.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Hadithi hutembea kwa upungufu. Mtu ana njaa, au ana deni, au anapenda asipopendwa, na kutokana na hilo anainuka na kwenda mahali. Sasa mwandishi anaamua kuleta kiumbe asiyekosa kitu: anayejua yote, anayeweza yote, asiyekufa. Kiumbe huyo ana sababu gani ya kuinuka? Na akishainuka, hadithi itadumu vipi dakika 50 wakati anaweza kuimaliza kwa kupiga kidole? Waandishi wabovu humnyima nguvu zake ghafla, au humpa adui mwenye nguvu sawa, na vita vya miale vikaendelea mpaka muda uishe. Wazuri humtafutia upungufu mmoja unaoendana na ukuu wake.

Schneider aliupata wa Trelane kwa njia ninayoistaajabia kila nikiirudia. Trelane amejenga kasri la kidunia lenye moto, vyakula vya kifahari na kinanda cha kale, kwa kuwa amekuwa akiitazama Dunia kwa mbali. Mabaharia wa angani wanapoketi, wanagundua kwamba moto haupashi na chakula hakina ladha. Ameona maumbo ya vitu, hakujua kilichomo ndani. Kabla hatujaambiwa kwamba ni mtoto, tumekwisha kuonjeshwa utoto wake: huyu ni mtu anayeiga watu wazima kwa mavazi yao. (Hesabu za muswada, nikiri, hazikubali. Trelane anadhaniwa kuona Dunia ya miaka 900 iliyopita, ilhali anavaa kama mtu wa siku za Napoleon. Kwa karne ambayo kipindi kilikuja kujipangia baadaye, nambari hizo haziwezi kukaa pamoja. Sijawahi kumwona mtazamaji aliyeacha kufurahi kwa ajili hiyo.)

Apollo wa Who Mourns for Adonais?, Septemba 1967, yeye alikosa waumini. Anakishika chombo kwa mkono mkubwa angani, anaahidi malisho na maisha mepesi, na anachotaka ni kuabudiwa tena. Mwanadamu aliyekwisha kuvuka nyota anamjibu kwamba hana tena haja hiyo. Kungeweza kuishia hapo, na ingekuwa hotuba. Lakini hekalu linapovunjwa, muswada unamgeukia aliyeshindwa, na Kirk mwenyewe anabaki akijiuliza kama isingewagharimu kidogo sana kumpa yule mzee majani machache ya heshima. Ukoo wa Q nao ulipewa uchovu. Katika Death Wish, sehemu ya Star Trek: Voyager ya mwaka 1996, tunaonyeshwa makazi yao kwa umbo ambalo macho yetu yanaweza kulivumilia: barabara jangwani, kituo cha mafuta, watu wameketi bila kuzungumza kwa sababu kila neno limekwisha kusemwa na kila mmoja. Mmoja wao anaomba ruhusa ya kufa. Ni sehemu ya bei rahisi kutengeneza, na sijui picha ya umilele iliyo kali kuliko hiyo katika televisheni.

Arthur C. Clarke, katika Childhood's End ya 1953, alifika mbali zaidi. Watawala wake wanakuja juu ya miji yetu na kukomesha vita, na wanajificha miaka 50 kwa sababu wana pembe, mabawa na mkia. Tunadhani hapo ndipo siri ilipoishia. Kumbe watawala wenyewe ni watumishi wa akili kubwa zaidi, wametumwa kuwalea wanadamu mpaka watoto wao wageuke na kujiunga nayo, na wao hawawezi kujiunga. Njia ya ukoo wao imeziba. Karellen, mmoja wao, mwenye akili kuliko mwanadamu yeyote kitabuni, anafanya kazi ya mkunga kwa uzazi ambao hautakuwa wake kamwe. Ni upungufu unaoumiza, na Clarke hakumpa machozi hata tone.

Tukifika kwa Clarke tumefika pia kwenye mzizi. Alipokuwa mvulana katika mji wa Minehead, Uingereza, alikuta maktabani Last and First Men ya Olaf Stapledon, iliyotoka 1930, na hakuwahi kuficha jinsi kitabu hicho kilivyompindua. Stapledon alikuwa mwanafalsafa aliyefundisha watu wazima wa tabaka la wafanyakazi na kuendesha gari la wagonjwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliichukua nadharia ya mageuko ya viumbe, ambayo wengi waliitumia kutazama nyuma kwa sokwe, akaielekeza mbele: kama tulitoka kwenye tope mpaka hapa, miaka milioni elfu kadhaa ijayo tutakuwa nini? Bernard Shaw alikwisha kuicheza fikra hiyo jukwaani katika Back to Methuselah, na mwanasayansi J. D. Bernal aliiandikia kitabu kidogo mwaka 1929. Tokea hapo ndipo tulipopata miili ya mwanga, akili zilizoungana, wazee wanaovua ngozi kama joho. Mwili umekuwa ganda la kutupwa njiani. Nani alithibitisha kwamba kiumbe akizidi kuendelea lazima ageuke kuwa taa? Hakuna. Ni desturi ya waandishi, na imeshika kwa sababu inapendeza na kwa sababu taa haihitaji vazi la mpira.

Kisha mwaka 1937 Stapledon akaandika Star Maker, na humo muumba mwenyewe anaonekana kama fundi. Anaumba ulimwengu mmoja baada ya mwingine, ule wa kwanza kwanza wa kitoto kama vitu vya kuchezea, anajifunza kwa kila kazi, anaitazama iliyokamilika kwa jicho la mhakiki, anaiweka kando. Anayewatafutia Trelane na Q baba wa pamoja angeweza kufanya vibaya kuliko kuanzia hapo.

Mfano unaonifundisha zaidi kuhusu karakana hii ni Arena. Fredric Brown aliichapisha katika gazeti la Astounding, toleo la Juni 1944. Majeshi mawili ya angani yako karibu kuangamizana, na kiumbe wa kale anaingilia kati. Anasema yeye ni hatima ya jamii kongwe iliyoendelea mpaka ikawa nafsi moja, maneno ambayo Stapledon angeyatambua mara moja. Anamchukua mtu mmoja kutoka kila upande, anawatupa uchi kwenye mchanga wa buluu, na hukumu ni kwamba jamii ya atakayeshindwa itafutwa yote. Adui ni tufe jekundu lenye chuki tupu. Mwanadamu anajaribu kusema naye, anapokea chuki, anamuua. Ilikuwa 1944; msomaji wa Marekani alijua tufe lile ni nani.

Gene L. Coon, mwanajeshi wa zamani wa majini aliyekuwa mtayarishaji wa Star Trek, aliandika sehemu yenye kisa hicho hicho kwa ajili ya Januari 1967. Ilipobainika inavyofanana na hadithi ya Brown, jina la Brown likawekwa kwenye orodha ya waandishi. Mchanga wa buluu ukawa miamba ya Vasquez Rocks nje ya Los Angeles, tufe likawa mtu ndani ya vazi la mjusi anayepumua kwa kishindo, na kwa kweli pigano lile sasa linachekesha. Mwisho umegeuzwa. Kirk anampata adui chini ya jiwe lake na anakataa kuua, kwa kuwa ameanza kushuku kwamba labda wenzake ndio waliovamia. Mmetroni anatokea, anashangaa, na kuwaacha wote wawili waende. Mungu ni yule yule wa Brown, uwanja ni ule ule, ila swali analouliza limebadilika. Mwaka 1944 aliuliza nani atashinda. Mwaka 1967, Marekani ikiwa imezama Vietnam, anauliza kama unaweza kuacha kupiga wakati umeshika jiwe. Ukiniambia viumbe hawa wawili ni wa jamii moja ya angani hujaniongezea kitu. Ukinionyesha mwandishi wa pili alivyoshika kalamu pale alipoachia wa kwanza, umenipa hadithi nzima.

Kuna ustadi mwingine, wa kujua pa kufunga mdomo. Stanley Kubrick, akitengeneza 2001: A Space Odyssey, alihangaika muda mrefu kutafuta umbo la viumbe wake. Carl Sagan, alipoombwa ushauri, alisema afadhali wadokezwe tu kuliko kuonyeshwa. Hata hivyo majaribio yalifanyika, na mmoja aliyevalishwa suti ya madoadoa mbele ya pazia la madoadoa alikuwa Dan Richter, mwigizaji yule yule anayerusha mfupa hewani kama sokwe mwanzoni mwa filamu. Majaribio yote yalitupwa. Likabaki jiwe jeusi lisilosema. Napenda kufikiri kwamba kwa siku chache sokwe na mungu walikuwa na mwili mmoja, na nafurahi zaidi kwamba hatukuonyeshwa.

Stanisław Lem hakuwa na subira hata na jiwe. Katika Solaris, 1961, bahari inayofunika sayari nzima inafanya mambo ya kiungu: inarekebisha njia ya sayari kati ya majua mawili, inamrudishia mtafiti Kelvin mpenzi wake aliyekufa. Wanasayansi wamejaza maktaba kuihusu na hawajui kitu. Karibu na mwisho Kelvin anawaza juu ya mungu asiye mkamilifu, aliye katika utoto wake, na pengine bahari ni huyo. Wazo linaachwa bila kuthibitishwa. Lem aliona kwamba kumpa kiumbe asili ni kumpa kimo, na akishakuwa na kimo utamzidi.

Sisemi kuunganisha nasaba ni dhambi. Mwaka 1993, katika The Chase, waandishi wa The Next Generation walieleza kwa nini karibu kila kiumbe wa Star Trek ana mikono miwili na pua: jamii ya kale, ikiwa peke yake katika anga tupu, ilipanda mbegu zake baharini kwenye sayari nyingi. Sababu halisi ni mpakaji vipodozi na mishahara ya waigizaji, na kila mtu anajua. Waliligeuza hitaji hilo kuwa huzuni, yule mama wa kale akizungumza na watoto wanaogombana, na ikafaulu. Kilichosaidia ni kwamba wale walikuwa watu wa damu. Wakimfanyia hivyo Q, atabaki ana anwani.

Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Coon tena, Errand of Mercy, Machi 1967. Shirikisho la akina Kirk na maadui wao Waklingoni wanagombania sayari ya Organia, na wenyeji ni wazee wapole wanaotabasamu huku mji wao ukitekwa. Kirk anawahimiza wapigane, wanakataa, anawadharau. Vita vinapokaribia kuanza, silaha zote zinakuwa za moto mno kushikika, katika sayari na angani, na wazee wanaonyesha walivyo kweli: mwanga mtupu, waliovua miili yao mamilioni ya miaka iliyopita. Hapo shujaa wetu anafura kwa hasira. Yeye, mtu wa amani, anajikuta bega kwa bega na Kor Mklingoni, akidai haki ya kupigana. Anasita katikati ya sentensi. William Shatner, mwigizaji wa Kirk, analaumiwa kwa kuigiza kupita kiasi, mara nyingi kwa haki, lakini kusita kule kumepimwa vizuri. Wazee hawamshindi kwa hoja. Wanasema kuwa karibu na viumbe wa namna yetu kunawaumiza, wanaomba waachwe.

Baadaye chomboni Kirk anamwambia mwenzake Spock kwamba amefedheheka, na Spock anamfariji kwa kumkumbusha muda uliowachukua wazee wale kufika walipofika. Hata miungu, anasema kwa maana hiyo, haikuzuka kwa usiku mmoja. Hilo ndilo jibu la Coon kuhusu asili: mageuko na muda mrefu, jibu la Stapledon. Amelipenyeza kama faraja kwa mtu mwenye aibu, kisha chombo kinaondoka. Wiki iliyofuata ikarushwa The Alternative Factor, ambayo ni mbovu. Wiki iliyofuata tena ikaja The City on the Edge of Forever, na humo lango la kale la mawe, lililoulizwa ni nini, likadai kwamba halina mwanzo nje ya lenyewe. Ofisi ile ile ilitoa majibu yote mawili ndani ya siku 14, wala haikujisumbua kuyapatanisha.